Uzi: Mtu anayefanya kazi vizuri hata asipoonekana anasukumwa na nini hasa?

#1 Mtunza Leja
Wakuu, habari za muda huu. Naomba tulijadili hili bila matusi.

Kazini kwetu uongozi umeanzisha kikao cha kiroho kila asubuhi kabla ya kazi. Wa dini zote na wasio na dini tunasimama ukumbini, mmoja anaomba au anasoma neno, kisha tunakariri kwa pamoja maadili ya kampuni yaliyobandikwa ukutani. Uadilifu, uwajibikaji, na mengine. Nia ni njema, sina ugomvi nayo.

Ila mimi ni mtu wa stoo, kazi yangu kuhesabu. Glavu, betri na rimu za karatasi zinayeyuka vilevile kama zamani. Wanaozichukua nawajua, na mmoja wao ndiye mwenye sauti tamu kuliko wote akipewa zamu ya kuongoza sala. Wakati huohuo kuna kijana wa usafi ambaye sijawahi kumsikia akitaja Mungu. Aliokota bahasha ya hela chooni akaileta kwangu ikiwa bado imefungwa.

Dai langu, nipingeni: imani haimfanyi mtu kuwa mwaminifu kazini. Malezi ndiyo yanamfanya, dini anakuja kuivaa juu yake baadaye.

#2 Nimekaa Kimya
Siti ya mbele. Mod usifunge huu uzi mapema.

#3 Seremala wa Neno
Mleta mada, hujaipinga imani, umepinga unafiki. Hivyo ni vitu viwili.

Waefeso 6:6 imeshamtaja huyo mwimbaji wako: watu wa "utumwa wa macho", wanaofanya kazi bosi akiwepo na kulegea akigeuka. Aliyeandika hayo, Mtume Paulo, alikuwa fundi, Matendo 18:3 inasema alishona mahema, kwa hiyo hakuwa anawahubiria watu kazi asiyoijua. Hata Mtakatifu Benedikto aliwaandikia watawa wake "ora et labora", sala na kazi, havitenganishwi. Mtu akijua anamfanyia Mungu, hana haja ya msimamizi. Asiyejua hivyo, hata umwekee askari mlangoni atapitishia dirishani.

#4 Bint Hisabati
Naunga mkono #3 ila naongeza upande ambao watu wa vikao vya asubuhi huwa wanauruka.

Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza na ole kwa wanaopunja. Tena inaeleza ni nani hao: wakijipimia kwa watu wanataka kitimie, wao wakiwapimia watu wanapunguza. Kila siku anasomewa mfanyakazi: unataka mshahara kamili, unatoa saa pungufu. Ni kweli. Sasa igeuze: mwajiri anataka saa kamili, saa za ziada halipi. Huyo hayumo? Na kuna hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, mpeni mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wakristo nao wanayo Yakobo 5:4, ujira uliozuiliwa unapiga kelele.

Mtunza Leja, swali dogo. Katika hivyo vikao vyenu, hiyo ya jasho imewahi kusomwa?

#5 Mtunza Leja
Haijawahi. Tunasomewa za uvivu.

#6 Bwana Pingamizi
😂😂 Nilijua tu.

#7 Nesi wa Usiku
Nashukuru kwa mada. Niwapeleke wodini kidogo.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe, kwa kawaida kila baada ya saa mbili, la sivyo anapata vidonda vya mgandamizo kwenye mifupa ya makalio na visigino. Ipo chati kitandani: saa nne kushoto, saa sita chali, saa nane kulia, na sahihi ya muuguzi. Ukitaka kujua zamu ya usiku ilifanya kazi, usisome chati, itazame. Kama sahihi zote zina wino uleule, mwandiko uleule na mwinamo uleule hadi saa kumi na mbili asubuhi, basi imejazwa kwa mkupuo mmoja juu ya meza. Chati ya kweli ni chafu. Ina sahihi iliyoandikwa kwa haraka, moja imepinda kwa sababu kalamu iligoma, nyingine ina alama ya maji.

Nimefanya kazi na wacha Mungu wa kweli, na wasiojali dini kabisa. Wote nimewaona wakigeuza mgonjwa saa kumi usiku, na wote nimewaona wakijaza chati mezani. Nilichogundua ni kwamba anayemgeuza ni yule anayemjua mgonjwa kwa jina. Akishamwita "kitanda cha 9", sahau. Hapo sijui tuseme ni imani, malezi au nini.

#8 Fundi Arki
#7 umeniamsha. "Chati ya kweli ni chafu." Hiyo naiiba.

#9 Kichwa Ngumu
Mnazunguka mbuyu. Paka akiondoka panya hutawala, basi. Binadamu anafanya vizuri akidhani anaonekana, na Mungu ndiye kamera ya kwanza iliyobuniwa, haihitaji umeme.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio lao kwenye kona ya chai ya ofisini. Unajihudumia, unatumbukiza hela kwenye kisanduku, hakuna anayekuangalia. Juu ya bei wakabandika picha: wiki moja maua, wiki nyingine macho ya mtu. Wiki za macho watu walilipa karibu mara tatu ya wiki za maua. Ni picha tu! Karatasi! Sasa niambieni roho imeingilia wapi.

#10 Mpenda Vitabu
Kichwa Ngumu, mbona unachagua tafiti za upande wako tu? Kuna ile ya 2008: wanafunzi waliambiwa wakumbuke Amri Kumi kabla ya mtihani ambao ungeweza kudanganya alama na ukalipwa. Waliokumbushwa hawakudanganya, wengine walijiongezea. Hata wasiozijua zote kumi. Kumbe kukumbushwa jambo takatifu kunasaidia, na kikao cha asubuhi cha mleta mada kina mantiki yake.

#11 Data Kwanza
Mpenda Vitabu, hiyo ya Amri Kumi imekufa. Mwaka 2018 maabara nyingi za nchi mbalimbali zililirudia jaribio hilo kwa utaratibu uliokubaliwa na kusajiliwa mapema. Waliokumbushwa Amri Kumi hawakuonekana kuwa waaminifu kuliko wenzao.

Iko nyingine ya 2012 ambayo maafisa utumishi waliipenda sana: mtu akisaini tamko la ukweli juu ya fomu kabla ya kujaza, anasema ukweli zaidi kuliko akisaini chini. Mwaka 2021 jarida liliifuta, baada ya kubainika kwamba data za jaribio mojawapo zilikuwa za kughushi.

Na ya macho nayo isishikwe kama msahafu. Waliojaribu baadaye mahali pengine, wengine waliona kitu, wengine hawakuona.

#12 Bwana Pingamizi
Ngoja kwanza. Utafiti wa UAMINIFU una data za KUGHUSHI?? Funga uzi, Mod, tumeshapata jibu 😂

#13 Mpenda Vitabu
Sawa Data Kwanza, ondoa utafiti. Kukumbushana bado kuna maana kwa watu wanaoliamini jambo lenyewe. Wanafunzi wa chuo waliookotwa kwa jaribio la nusu saa si sawa na mtu anayeswali mara tano kwa siku maisha yake yote.

#14 Data Kwanza
Hilo linaweza kuwa kweli. Ila halijathibitishwa na jaribio ulilolitaja, ndicho nilichosema.

#15 Fundi Arki
Nyote mmeruka ufundi wenyewe. Mimi nachomelea mabomba.

Bomba nene halichomelewi kwa mkupuo mmoja. Kuna mshono wa kwanza wa ndani kabisa, ndio unaoshika. Juu yake unapanda mishono mingine, na ule wa mwisho ndio macho ya watu yanauona. Unaweza kuupiga wa mwisho ukakaa kama magamba ya samaki yamepangwa, huku wa ndani haukushika vizuri au una vitundu vya hewa. Mkaguzi na eksirei yake mara nyingi huchukua baadhi tu ya viungo. Ukibahatika, chako hakichaguliwi.

Sasa nikimaliza ule wa ndani natoa lile gamba linaloganda juu, napiga brashi, naangalia na tochi. Nikiona kitundu cha ukubwa wa kichwa cha pini nasaga chote narudia. Mkaguzi hayupo. Mungu simfikirii muda ule, niseme ukweli, nafikiria moto usinichome shingo. Na mshahara haubadiliki. Narudia kwa sababu nikikiacha kinaniwasha. Aliyenifundisha alikuwa hivyohivyo, akikuta kitundu kwenye kiungo chako anakitazama, anakuachia grainda, anaondoka bila neno.

Mleta mada aite malezi akitaka. Mimi naona ni kazi yenyewe inayomlea mtu.

#16 Seremala wa Neno
Fundi, hicho kinachokuwasha ndicho sisi tunakiita dhamiri. Na dhamiri ina Mwenyewe.

#17 Fundi Arki
Akitaka nikirudie anitumie na miwani mpya, hii imekwaruzika 🙏

#18 Mtawa wa Mtandaoni
Salaam. Marekebisho kwa #3. "Ora et labora" haimo kwenye Kanuni ya Benedikto. Kauli hiyo ilikuja kuhusishwa na Wabenedikto baadaye sana. Kanuni yenyewe ni ya karne ya 6, na sura ya 48 inasema uvivu ni adui wa roho, kisha inapanga saa za kazi za mikono na saa za kusoma.

Kilichomo na kinachomhusu mleta mada moja kwa moja kiko sura ya 31, inayomzungumzia mtunza ghala wa monasteri. Inamtaka avitazame vyombo vyote na mali yote ya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Ndoo, jembe, bakuli, vyote. Halafu sura ya 57 inageukia mafundi: waifanye kazi yao kwa unyenyekevu, na fundi akianza kuvimba kichwa kwamba ujuzi wake unaiingizia monasteri faida, aondolewe kwenye kazi hiyo. Bidhaa zikiuzwa, bei iwe chini kidogo ya wanayotoza watu wa nje, ili tamaa isiingie.

Mnaona tofauti na maadili yaliyobandikwa ukutani? Pale roho inashika mpaka bei na cheo. Sehemu nyingi za kazi inashika asubuhi tu.

#19 Seremala wa Neno
Nimekusoma. Hoja yangu inabaki palepale lakini: sala na kazi havitenganishwi.

#20 Bwana Pingamizi
Fundi Arki, kwa sura ya 57 wewe umeshaondolewa, "kama magamba ya samaki yamepangwa" ni kuvimba kichwa huko 😂

#21 Mshahara Kwanza
Nimesoma yote, nasikitika. Mwenye njaa hana miiko.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliwauliza wafanyakazi 196 wanaionaje kazi yao: ni ajira ya kupata riziki, ni ngazi ya kupanda cheo, au ni wito? Walijigawa karibu sawa kwa makundi hayo matatu. Hata makatibu muhtasi waliokuwemo, wenye kazi inayofanana, nao waligawanyika hivyohivyo. Watu wa semina za uhamasishaji wakaichukua hiyo wakapita nayo kila mahali: badili mtazamo, iite wito, utafurahi!

Hawakusoma iliyofuata. Mwaka 2009 ulitoka utafiti kuhusu watunza wanyama wa bustani za wanyama huko Amerika Kaskazini. Watu wenye elimu nzuri, mshahara mdogo, wanasafisha vinyesi, na wengi wanasema walizaliwa kwa ajili ya kazi ile. Walioiona kama wito walipata maana kubwa maishani, hilo halina ubishi. Ila haohao ndio waliokuwa tayari kujinyima pesa, muda na starehe kwa ajili ya kazi, na watafiti wenyewe waliona kwamba hapo mwajiri anapata mlango wa kuwanyonya. Waalimu, wauguzi na watumishi wa nyumba za ibada wanajua ninachosema. Ukidai stahiki unaulizwa wito wako umeenda wapi.

Kikao cha kiroho kinachoendeshwa na mwenye kampuni mimi nakiona hivyo hadi nithibitishiwe vinginevyo.

#22 Nesi wa Usiku
Mshahara Kwanza umegusa donda. Tulicheleweshewa posho za usiku, tukaenda kuuliza, tukajibiwa kwamba Florence Nightingale alibeba taa yake bila kudai posho. Mtu akiwa na mshahara wake mfukoni anakusimulia Nightingale.

#23 Mama wa Shifti
Mimi ni msimamizi wa kiwanda, niwape upande wa pili. Mkisema lipa vizuri watu watakuwa waadilifu, mnasahau pesa nayo inaharibu.

Soma jaribio la Haifa, Israeli, lililochapishwa mwaka 2000. Vituo 10 vya kulelea watoto, wazazi wanachelewa kuja kuchukua watoto. Vituo 6 vikaweka faini. Kuchelewa kukaongezeka, tena sana. Zamani mzazi alikuwa anamwonea aibu mwalimu, sasa anaona amenunua muda. Faini ilipoondolewa hawakurudi kama mwanzo, aibu ilishakwenda zake. Na nyuma zaidi, 1971, wanafunzi waliolipwa kwa kucheza fumbo la kuunganisha vipande, malipo yalipokoma walilichezea kidogo kuliko kabla.

Nilirithi hapa bonasi ya "mfanyakazi mwadilifu wa mwezi". Watu walianza kuripotiana kwa makosa ya kijinga ili mwenzao akose. Niliifuta, na mpaka leo wapo wanaonidai ile bonasi kama haki yao ya kuzaliwa.

#24 Mshahara Kwanza
Mama wa Shifti, faini na bonasi si mshahara. Waliocheza fumbo hawakuwa wanasubiri fumbo hilo liwalishe. Tafiti hizo zinaongelea pesa inayoning'inizwa mbele ya pua, mimi naongelea pesa ya kuishi.

#25 Data Kwanza
Hapa namuunga mkono Mshahara Kwanza. Pia lipo jaribio la 1973 la watoto wadogo na kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora ndio waliopoteza hamu baadaye. Waliopewa cheti hichohicho kwa kushtukizwa, baada ya kuchora, hawakupoteza. Kwa hiyo zawadi peke yake haina kosa, tatizo linaanza mtu anapofanya KWA AJILI yake.

#26 Mpenda Vitabu
Si ndiyo nia hiyo jamani! Dini zote zimelisema kabla ya maabara. Innamal a'malu binniyyat, hadithi ya Mtume: matendo ni kwa nia. Na Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, 2:47 inasema haki yako iko kwenye kutenda, si kwenye matunda ya kutenda.

#27 Kichwa Ngumu
Na pepo ni nini kama si bonasi ya mwisho wa mwaka?

#28 Bint Hisabati
Kichwa Ngumu hilo ulilorusha kwa utani lina uzito, na wacha Mungu wenyewe walishalijibu. Rabia wa Basra, karne ya 8, anasimuliwa akiomba kwamba kama anamwabudu Mola kwa kuogopa moto basi aunguzwe humo, na kama ni kwa kutaka pepo basi anyimwe. Kwa hiyo usituambie waumini wote wapo kwenye mfumo wa bonasi. Wengi ndiyo, sikatai. Si wote.

#29 Sina Upande
Mimi sina dini, na ofisini kwetu kuna kikao kama cha mleta mada. Ni hiari, kwa maandishi. Lakini orodha ya waliohudhuria inapitishwa, na nimeona nani anapata safari za kikazi. Wenzangu wa dini ndogo nao wanasimama pale wakinyamaza kwenye sala isiyo yao.

Halafu mtu anashangaa kwa nini mwimbaji wa #1 anaiba betri. Mmemfundisha kwamba uadilifu ni kuonekana ukumbini. Amejifunza vizuri sana.

#30 Seremala wa Neno
Sina Upande, nakubali, sala ya kulazimishwa si sala. Mathayo 6 inasema ingia chumbani mwako ufunge mlango. Hiyo orodha ya mahudhurio ingenikera hata mimi ninayeomba.

#31 Mfuasi wa Historia
Kwa wanaosema dini na biashara haviivi chungu kimoja, wasome habari za Maquaker, kundi la Wakristo wa Uingereza karne ya 17. Waliona kupatana bei ni uongo wa pande mbili: muuzaji anataja asichotarajia, mnunuzi naye vivyo hivyo. Wakaweka bei moja kwa kila mtu. Mwanzoni walikosa wateja. Baadaye watu wakagundua unaweza kumtuma hata mtoto dukani kwao asipunjwe, na maduka yakajaa.

Max Weber naye, mwanasosholojia wa Ujerumani, kwenye makala zake za 1904 na 1905, alidai kwamba Wakalvini, Waprotestanti wafuasi wa Calvin, walitia bidii kazini kwa sababu ya hofu: Mungu ameshachagua wa kuokoka, wewe hujui kama umo, basi unatafuta dalili katika maisha ya nidhamu na kazi. Na alimalizia kwa kusema imani ilikuja kuondoka, bidii ikabaki peke yake kama kifungo.

#32 Kichwa Ngumu
Yaani Maquaker walipata faida. Asante kwa kuthibitisha hoja yangu.

#33 Mfuasi wa Historia
Walianza kabla ya kujua kama faida ipo, na walipoteza wateja kwanza. Soma tena taratibu.

#34 Mtunza Leja
Nashukuruni wote. Nesi wa Usiku, bado niko kwako: hizo chati za mezani ziliishia vipi? Kuna aliyechukua hatua?

#35 Nesi wa Usiku
Alikuja matroni mpya. Hakuandika onyo wala hakuitisha kikao. Alianza kutokea wodini saa nane au saa kumi usiku, anavaa glavu, anasema "nishikie upande wa pili", mnamgeuza mgonjwa pamoja, na yeye anamsalimia mgonjwa kwa jina hata kama hajitambui. Kisha anakwenda wodi nyingine. Chati zikaanza kuwa chafu.

#36 Kichwa Ngumu
Usimamizi huo. Kamera yenye glavu.

#37 Mtawa wa Mtandaoni
Kamera haishiki upande wa pili, ndugu yangu.

#38 Fundi Arki
Huyo ni kama aliyenifundisha mimi na grainda lake. Ufundi.

#39 Data Kwanza
Nesi, na vidonda vilipungua? Maana chati chafu ni dalili tu.

#40 Nesi wa Usiku
Vilipungua sana. Ila kipindi hichohicho tuliongezewa wauguzi wawili wa usiku, tukaletewa magodoro ya hewa, na zile posho zikalipwa. Haya mtu wa data, nitenganishie.